Moyo kwenda mbio baada ya sindano ya kupunguza uzito

Dadangu wa Kisauni, umesema mapigo yametoka 76 hadi 94 kwa dakika tangu upandishe dozi ya sindano hiyo, semaglutaidi, kutoka miligramu 0.25 hadi 0.5, na umetapika siku mbili.

Dawa yenyewe huongeza mapigo, ila kwa wastani ni 1 hadi 4 tu. Hayo 18 nashuku yametokana na kukaukiwa maji, kwa joto hili letu. Maji yakipungua kwenye damu, moyo hulazimika kukimbia. Utazame mkojo: ukikolea kuelekea kahawia ya mkandaa, anza leo ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, funda moja moja kila dakika chache. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni chache.

Pima asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani wala kuonja kahawa: vidole viwili kifundoni mwa mkono, upande wa dole gumba, hesabu sekunde 60 kamili. Andika.

Viazi karai viache kwanza. Tumbo sasa humwaga chakula polepole na mafuta huchochea kichefuchefu. Usichome dozi inayofuata kabla ya kuongea na daktari, huenda akakurudisha 0.25. Nafuu haitakuja kesho, maana baada ya wiki nzima nusu ya dawa bado imo mwilini. Kama watumia pia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamaidi, pima sukari ya damu sasa hivi, kwani ikishuka moyo nao hudunda.

Maumivu ya kifua, kuzirai, kukosa pumzi, au tumbo kuuma vikali hadi mgongoni: nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku, tafadhali.