Mganga hajigangi: siku mimi "fundi" nilipofungua atachimenti yenye kirusi

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja, jina namsitiri. Kaandika hivi: "Kaka samahani kwa usumbufu, kuna mtu kanitumia CV kwenye imeili, nimeifungua ikasema nibonyeze juu kwenye ule mstari wa njano, nimebonyeza lakini hakikutokea kitu. Kuna shida?"

Nilikuwa nimeshalala, nikakaa kitako. Huo mstari wa njano naujua. Na hayo maneno "hakikutokea kitu" ndo hayo hayo niliyojiambia mwenyewe mwaka 2020, nikafunga laptopu nikaenda kulala kwa amani kabisa. Nimemjibu haraka haraka, jibu nitalileta huko chini, ila kwanza ngoja niseme kitu ambacho miaka yote nimekikalia kimya kwa sababu ya aibu.

Watu wanaonijua wananiita fundi. Laptopu ikigoma wanakuja kwangu, kupiga Windows mimi, kusafisha flashi iliyojaa virusi mimi, na wakati nasafisha nawasema kweli kweli, yaani mtu anaondoka na flashi safi na masikio yanamuuma. Wimbo wangu ulikuwa mmoja tu: usifungue atachimenti ya mtu usiyemjua. Niliuimba mpaka wadogo zangu wakawa wananiiga sauti kunicheka. Sasa sikilizeni jinsi huo wimbo ulivyonimaliza.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi za kutafsiri na kuhariri, na kuna ofisi moja ilikuwa inanidai kazi kila wiki na mimi nawadai hela ya miezi mitatu. Nimeandika imeili ya kukumbushia mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya. Saa tano usiku simu ikalia, imeili imeingia. Jina ni la mhasibu wao yule yule. Chini yake ipo imeili yangu mwenyewe ya kukumbushia, neno kwa neno, mpaka pale nilipokosea tahajia pako vile vile. Juu kaweka mstari mmoja, kwamba angalia kiambatisho tafadhali. Dokumenti ya Word, na jina lake lina neno malipo.

We ungefanyaje? Mi nilifungua laptopu na hiyo dokumenti kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti.

Ndani kulikuwa na picha tu, nembo ya Office na maelezo kwamba dokumenti hii imetengenezwa na toleo jingine la Word kwahiyo ili uione bonyeza vitufe viwili vya juu, cha kuruhusu kuhariri na cha kuruhusu maudhui. Nikabonyeza. Mimi. Fundi. Ukurasa ukabaki vile vile, nikasubiri, wapi. Nikajisemea hawa watu hata kutuma faili hawajui, nikawajibu kwa hasira kidogo "haifunguki, tumeni tena", nikalala.

Siku ya tatu asubuhi nawasha laptopu, picha ya kwenye desktopu imebadilika, mafaili yote yana mkia wa herufi ambazo sijawahi kuziona, na kila folda ina kijifaili cha maandishi kinachosema kwa upole kabisa kwamba mafaili yako yamefungwa, ukitaka ufunguo lipa kwa Bitcoin, ile hela ya mtandaoni. Nikacheka kwanza, wallahi nilicheka, maana bekapu ninayo, kuna diski ya nje ambayo niliipanga ijinakilie kila kitu yenyewe kila siku na nilikuwa najisifia nayo kwa watu. Nikaigeukia. Ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu muda wote, taa yake inawaka. Nayo imefungwa yote. Kirusi cha namna hii kikishaingia kinapita kwenye kila diski inayoonekana kwenye kompyuta, hakijui hii ni ya kazi na ile ni bekapu.

Sikulipa, kwanza hela yenyewe ndo hiyo nilikuwa nawadai watu. Miezi iliyofuata siisimulii, nilikuwa naandika upya kazi usiku, basi.

Kilichoniuma kuliko mafaili ni kwamba watu kwenye orodha yangu ya anwani walianza kupokea imeili "kutoka kwangu" zenye dokumenti, na wale ofisi wakasema kirusi kimeanzia kwangu. Nikawaonyesha tarehe, imeili yao ilinifikia kwanza. Mhasibu akaniambia yeye hajawahi kutuma kitu kama hicho, na alikuwa anasema ukweli, hakutuma yeye, kompyuta yake ndo ilishaibiwa imeili zote na yeye hana habari. Lakini mkubwa wake hakutaka kusikia. Kazi nikanyang'anywa, hela nikalipwa nusu, mpaka leo tukikutana tunapishana kama hatujuani. Hili halijaniisha moyoni, mnisamehe, turudi kwenye mada.

Baadaye nikakaa nikasoma sana, nikagundua kumbe ujanja huu una jina na historia. Kulikuwa na kirusi kinaitwa Emotet, kilianza mwaka 2014 kama mwizi wa taarifa za benki, baadaye kikawa kinaiba mazungumzo ya watu ya imeili na kujibu ndani ya mazungumzo hayo hayo kikiwa na dokumenti ya Word mkononi. Sisemi ndicho kilichonipiga mimi, sikupima, ila nilivyosoma maelezo yake nilihisi kama nasoma shajara yangu. Januari 2021 polisi wa nchi kadhaa, Uholanzi na Ujerumani wakiwemo, waliungana wakazizima seva zake, yaani kompyuta zilizokuwa zinakiongoza, na Novemba mwaka huo huo kikarudi. Hawa jamaa hawachoki.

Na ukirudi nyuma zaidi unakuta hakuna jipya. Mwaka 1999 kulikuwa na Melissa, dokumenti ya Word vile vile, ikifunguliwa inajituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu cha anwani cha Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft, na ujumbe wake ulikuwa unasema hii ndo ile dokumenti uliyoiomba. Uliyoiomba! Aliyepokea anaona jina la rafiki yake, anafungua. Mwaka uliofuata, Mei 2000, ikaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino, hii ilijituma kwa kila mtu kwenye kitabu cha anwani. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs lakini Windows kwa kawaida yake ilikuwa inaficha ule mkia wa mwisho, kwahiyo watu wakaona .TXT tu wakadhani ni maandishi ya mapenzi. Ilikuwa ni programu, inafuta picha za watu huku wenyewe wanatabasamu.

Kwahiyo ndugu zangu, karibu wote hao walipigwa na mtu wanayemjua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza kazi. Wimbo wangu wa "usiyemjua" ulinifanya nimkague mgeni mpaka kwenye soksi, halafu mwenye jina ninalolijua nikamfungulia mlango nikiwa nimefumba macho. Na kibaya zaidi nilikuwa naisubiri hiyo imeili. Mtu anayetafuta kazi anasubiri barua ya usaili, anayeajiri anasubiri CV, mwenye duka anasubiri oda, na mimi nilikuwa nasubiri hela yangu. Wanajua tunasubiri nini.

Sasa mimi siku hizi nafanya hivi. Atachimenti yoyote ambayo sikuambiwa kwa mdomo kwamba inakuja, napiga simu. Kwa namba niliyonayo mimi, siyo namba iliyo kwenye imeili. Watu wananiona nasumbua, kuna mteja alishaniambia "we fungua tu bwana", nikamwambia sifungui mpaka uniambie faili linaitwaje na lina kurasa ngapi. Akacheka akaniambia. Dakika moja imetumika. Usijibu ile imeili kuuliza "ni wewe kweli?", maana kama akaunti imeibiwa anayejibu ni mwizi na atakwambia ndiyo ni mimi.

La pili, ule mkia wa jina la faili uonekane. Windows mpaka leo inauficha usipoiambia. Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye View, weka tiki pale pa kuonyesha mikia ya majina. Ukiona kitu kinaitwa risiti.pdf.exe au picha.jpg.js hapo hakuna picha wala risiti, hiyo ni programu. Gmail yenyewe imekataa .exe siku nyingi na Februari 2017 ikaongeza .js kwenye orodha, ndo maana siku hizi wezi wanafunga mzigo kwenye zipu, yaani faili linalofungasha mafaili mengine ndani yake, yenye paswedi na paswedi wanakuandikia hapo hapo kwenye imeili. Jiulize, paswedi gani ya siri inakuja na mfuko wake? Kazi yake ni kuzuia kikaguzi cha virusi kisione ndani, basi. Mi zipu ya hivyo naipigia simu mara mbili.

La tatu ni huo mstari wa njano. Dokumenti ya Word inaweza kubeba makro, yaani programu ndogo ndani yake, na makro haiamki mpaka wewe mwenyewe uiruhusu, ndo maana wanaweka picha ya kukubembeleza ubonyeze. Hakuna barua ya kawaida inayohitaji ruhusa ili isomeke. Mwaka 2022 Microsoft wakachoka, wakaanza kuzuia makro zote kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, lakini ukiwa na Office ya zamani isiyopata apdeti huo ukuta huna, na dada yangu wa juzi ndo alikuwa nayo hiyo. Halafu wezi nao wakahama, mwaka 2023 wakawa wanatuma mafaili ya OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia maelezo, yenye kitufe kikubwa kimechorwa katikati, chini ya kitufe wameficha programu. Kesho watakuja na kingine. Kwahiyo faili likianza kukupa maelekezo ya wapi ubonyeze ili lifunguke, lifunge, piga simu.

Antivairasi weka, apdeti weka, hayo mnayajua. Ila msiilalie, yangu ilikuwepo siku ile na ilikaa kimya kama mgeni wa msiba. Kuna pia VirusTotal, unapandisha faili linakaguliwa na antivairasi nyingi kwa mpigo, nzuri sana, lakini faili unalopandisha linaweza kuonwa na watafiti wengine, kwahiyo usiende kuweka mkataba wa mtu au vyeti vya hospitali. Na kama unataka kuchungulia tu, tumia lile dirisha la kuonyeshea la huko huko kwenye imeili bila kulipakua kwenye laptopu, makro hazifanyi kazi pale.

Bekapu mnajua nitasema nini. Chomeka, nakili, CHOMOA. Diski inayolala imechomekwa usiite bekapu, hiyo ni diski ya pili ya kupotezea mafaili.

Na kitu kimoja kinanikera. Mtu akisema amepigwa na kirusi watu wanamcheka, eti ulifunguaje kitu kama hicho, huna akili. Nilichekwa mimi, na walionicheka sana ni wale niliokuwa nawasema wakati nasafisha flashi zao, sawa, malipo yangu. Lakini kwa sababu ya kuchekwa nilikaa siku nzima bila kuwaambia watu wa orodha yangu wasifungue imeili zangu, na ndani ya hiyo siku wawili walifungua. Wawili. Aibu yangu iliwagharimu watu ambao hata hawakuwepo. Ukipigwa sema siku hiyo hiyo, tafadhali, acha wacheke.

Haya, jibu nililompa dada ndo hili, nalinakili kama lilivyo: "Dada zima Wi-Fi ya hiyo laptopu sasa hivi, kama ina waya wa intaneti chomoa. Usiingie benki wala imeili kwa hiyo laptopu. Chukua simu badilisha paswedi, anza na ya imeili. Waambie unaofanya nao kazi wasifungue kitu chochote kutoka kwako. Kesho iletwe ipigwe Windows upya, usiridhike na antivairasi kusema ni safi. Kama yakija kufungwa mafaili usilipe haraka, kuna mradi unaitwa No More Ransom, polisi wa Uholanzi na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, waliuanzisha 2016 pamoja na kampuni za usalama, wanatoa funguo bure kwa baadhi ya virusi. Bekapu unayo?"

Akajibu baada ya kama dakika tatu: "Ninayo kaka, iko kwenye diski ya nje, najinakilia kila siku."

Nikamuuliza diski yenyewe iko wapi muda huu.

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Halafu ikaja: "Imechomekwa." Nikampigia simu hapo hapo, maana kwa kuandika tungechelewa.