Chupa Moja ya Maji Haitoshi Kuusemea Mto

Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu cha kufuatilia mto tulipima maji katika sehemu 14, tukiwa na hamasa kubwa na vifaa vya kuazima, na mwisho wa mwaka tukapeleka daftari letu katika ofisi inayosimamia maji ya bonde lile. Ofisa aliyetupokea alilifungua kwa heshima, akasoma kurasa mbili, kisha akauliza maji hayo yalichotwa saa ngapi. Hatukuwa tumeiandika saa popote. Akauliza kama mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Hilo nalo hatukuwa tumeliandika. Alilirudisha daftari bila kejeli yoyote, akasema namba tunazo, ila yeye hana la kuzifanyia. Nilinuna njia nzima ya kurudi, na ilinichukua siku nyingi kukiri kwamba alisema kweli.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha namna hii, ushauri wangu ni kupunguza kabla ya kuongeza. Chagueni sehemu chache, hata mbili tu, moja juu ya mahali mnapopatilia shaka na nyingine chini yake, kisha mrudi hapo hapo, saa ile ile, kwa kifaa kile kile, mwezi baada ya mwezi. Kipimo kimoja hakiwezi kutenganisha uchafu uliotokana na binadamu na tabia ya mto wenyewe, maana ipo mito ambayo maji yake yana asidi kwa asili kwa kuwa hupita kwenye ardhi ya mboji, na ipo mingine inayobeba chumvi nyingi kutokana na miamba ya huko ilikotoka. Tofauti kati ya juu na chini, ikijirudia miezi na miezi, ndiyo inayoweza kusimama mbele ya mtu anayebisha.

Suala la saa lina uzito kuliko linavyoonekana, na mfano wake mzuri ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Mchana mimea ya majini na mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku viumbe vyote, mimea ikiwemo, huitumia bila kuirudisha, hivyo kiwango chake huwa cha chini kabisa kunapokaribia kucha. Sisi tulizoea kupima mnamo saa nane mchana, tunapata miligramu 11 kwa lita, tunapongezana. Tungejiuliza kidogo tu tungeshtuka, kwa sababu maji baridi yasiyo ya chumvi, yakiwa na joto la nyuzi 25, hushika takriban miligramu 8.3 yanapokuwa katika uwiano na hewa ya usawa wa bahari. Ile ziada haikuwa dalili ya afya bali ya mwani uliokithiri, nao mwani hukithiri pale mbolea na kinyesi vinapoingia mtoni. Tulipojikaza tukaenda saa kumi na moja alfajiri, mahali pale pale, kifaa kilionyesha 3. Samaki wengi huanza kutaabika kiwango kinaposhuka chini ya 5. Kumbe kwa mwaka mzima tulikuwa tunautembelea mto saa yake ya kujipamba.

Kosa letu la pili lilikuwa la karatasi tu, nalo nalitaja kwa sababu nimeona vikundi vingine vikilirudia. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati, ile kemikali yenye naitrojeni inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na kinyesi, kwa lita ya maji ya kunywa. Kifaa chetu kilisoma 12, tukaandika kwamba hali ni shwari. Ila kifaa kile hakikuwa kikipima nitrati nzima. Kilipima naitrojeni iliyomo ndani yake, ambayo ili ilinganishwe na ukomo ule lazima izidishwe kwa takriban 4.4. Kumi na mbili yetu ilikuwa hamsini na tatu. Someni kijikaratasi kinachokuja na kifaa, na kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake, la sivyo hata ninyi wenyewe mtashindwa kuielewa baada ya mwaka.

Kama fedha za vifaa hazipo, anzeni na wadudu. Mmoja husimama na wavu upande wa chini wa mkondo, mwenzake huchokoa mawe kwa miguu hatua moja juu yake, kisha kilichonaswa humwagwa kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Ngojeni dakika moja matope yatulie. Kipande cha kijiti kitaanza kutembea, na ukikiinamia utakuta ni buu aliyejijengea kijumba cha punje za mchanga zilizogandishwa kwa uzi wake mwenyewe. Pindueni jiwe, na huenda mkamwona mdudu bapa, mwenye mikia mitatu myembamba, aliyeng'ang'ania kana kwamba jiwe ni lake. Hao hawavumilii maji machafu. Mkipata ruba na mabuu mekundu kama uzi wa damu, na wengine wote hawapo, mto unawaambia jambo. Kemikali hueleza hali ya dakika ile uliyochota, ilhali wadudu hawa wamekaa majini kwa majuma au miezi, na uchafu uliomwagwa usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, umewapitia wao. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote kwa kikundi kichanga, hata pale fedha zipo.

Kwa bakteria wa kinyesi utaratibu ni mkali zaidi, na ni vema kuwa na maabara mnayoiamini. Chupa iwe imetakaswa na isisuuzwe mtoni. Mchotaji aelekee mkondo unakotoka ili asichote tope alilolitibua mwenyewe. Sampuli ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Na mto ukiwa umefurika, msiingie. Hakuna kipimo kinachostahili hatari hiyo.

Baada ya daftari kunyooka ndipo tuliweza kupanda kijito hadi chanzo cha tatizo, ambacho kilikuwa lundo la samadi hatua chache kutoka ukingoni, lililokuwa likitiririka kila mvua iliponyesha. Wenzangu walitaka tumshtaki mwenyewe moja kwa moja. Mimi nilishikilia twende kwanza na daftari, watu wawili tu, bila kamera. Alisoma safu ya juu na safu ya chini ya kiwanja chake, akanyamaza, akauliza lundo lisogezwe umbali gani. Alilihamisha, akaacha nyasi na vichaka vikue ukingoni, na mifugo wake sasa hunywa kwenye hori badala ya kukanyaga kingo. Sidai kwamba kila jirani atakuwa mwepesi hivyo, na sheria ipo kwa ajili ya wasiotaka kusikia, lakini aliyeanza kwa kushtakiwa huwa hasomi daftari.

Misimu miwili ya mvua baadaye tope lilipungua, na wale wadudu wa mikia mitatu wakaonekana chini ya kiwanja kile. Nitrati bado haijashuka vya kutosha, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hutembea polepole na yanaweza kuendelea kuuletea mto mbolea ya miaka mingi iliyopita. Tunarudi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alfajiri, na safu ya kwanza katika daftari ni ya saa, ya pili ni ya mvua ya jana.