Bukini si Bukene: kwa mnaoingia uwandani kuwatafuta askari wa Keya

Wadogo zangu, juzi nimekaa na rasimu zenu tatu hadi chai ikapoa. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia mlangoni. Rasimu ya kwanza imempeleka Lettow-Vorbeck, jemadari wa Mjerumani, Ethiopia mwaka 1941, anawasaidia Waitaliano. Ya pili ina Keya, yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wanaoshambulia "saa tano asubuhi, kabla jua halijachomoza". Ya tatu ina ramani ya rangi, nzuri kwelikweli, isipokuwa mishale yote inaelekea Keren.

Sijacheka kwa dharau. Makosa haya nayafahamu vizuri, na mengine niliyazaa mwenyewe nikayalea. Basi kabla hamjapanda basi la kusini, someni haya. Rekoda mnazijua, dodoso mnazo, fomu za ridhaa mmekwisha kuchapa. Hayo siyarudii.

1. Kila mtu apewe vita vyake. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, leo ni Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hapo kwetu amekwisha. Kinachowaponza ni kwamba vitabu vinaita "kampeni ya Afrika Mashariki" ile ya 1914 hadi 1918 na hii ya 1940 hadi 1941 dhidi ya Waitaliano pia. Wazee hawakuwa na tatizo hilo. Ya kwanza kwao ni vita vya Mjerumani, ya wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps. Ya pili ni vita vya Hitla. Mwaka jana mwenzenu mmoja alipekua orodha za wapagazi wa 1917 miezi mitatu akimtafuta babu wa watu. Babu mwenyewe alizaliwa 1919.

2. Saa. Mzee akisema saa kumi na moja alfajiri, shajara ya kikosi imeandika 0500. Fanyeni hesabu kabla ya kuandika, msingoje nicheke.

3. Njia za kuingia Ethiopia zilikuwa zaidi ya moja. Keren iko Eritrea. Ilipiganiwa na majeshi ya Jenerali Platt yaliyotoka Sudan, na Wahindi wengi walifia pale. Keya wetu walikuwa na Jenerali Cunningham, wametoka Kenya upande wa kusini: Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, kisha Jijiga, Harar, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Msifunge sura hapo kwa mbwembwe eti "vita vikaisha". Gondar ilianguka tarehe 27 Novemba. Sajini Nigel Leakey wa 1/6 KAR alirukia kifaru cha Waitaliano kule Colito, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwemo, tarehe 19 Mei. Wiki sita baada ya Addis Ababa! Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ilitolewa naye hayupo.

Na hiyo 1/6, jamani. Ni batalioni ya kwanza ya kikosi cha 6, na kikosi cha 6 ndicho cha Tanganyika. Nina tasnifu rafuni iliyoandika "sudusi ya KAR". Baadaye jeshi lilipopanuka mtakutana na 26 KAR na 36 KAR: tazameni tarakimu ya mwisho. Sita ni kwetu. Haina maana kwamba batalioni zilipangwa foleni, ya kwanza hadi ya thelathini na sita.

4. Askari mmoja, medani tatu. Hili ndilo hasa nililotaka kusema, na siwezi kulisema bila kujivua nguo, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka 1997 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nimekonda, najua kila kitu. Mada yangu ilikuwa Bama, yaani Burma, leo Myanmar, Keya walikopigana na Mjapani. Nilikuwa na dodoso la maswali 42, yote ya Bama, na kaseti nne tu kwa sababu fedha za utafiti zilikuwa za kuhesabu. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Kilwa Kivinje aliyekuwa dereva wa lori jeshini. Daraja la Rufiji lilikuwa bado. Tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Mzee alikuwa barazani anasuka dema. Vidole vilikwenda vyenyewe, macho yako kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Chuo kimekutuma?"

"Ndiyo, babu. Naomba tuanze na Bama."

"Bama mbali. Kwanza Bukini."

Mimi nikasikia Bukene. Shangazi yangu aliolewa Bukene, ile ya Nzega, na niliwahi kulala stesheni pale nikingoja treni. Nikaandika kwenye daftari: Bukene. Mzee akaendelea kwamba meli ilitia nanga, wakashushwa wao na malori yao. Nikaongeza alama mbili za kuuliza. Meli, Nzega!

"Mlipigana na nani huko, babu?"

"Mfaransa."

Hapa ndipo niliposhika ualimu. Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba katika vita vile Mfaransa alikuwa upande wetu. Mzee akaacha kusuka.

"Upande wako labda. Mie alinipiga risasi ya tairi."

Akasema barabara ilikuwa imejaa miti iliyokatwa ikalazwa, na mawe yaliyorundikwa kila kona, hata mkono wake ukauzoea msumeno kuliko usukani. Akasema walipigwa na weusi wenzao waliosema Kifaransa. Akasema walifika mto mkubwa, daraja limeangushwa, nao wakapita juu ya daraja hilo hilo lililoanguka, maji yanachezea magurudumu. Nikamwuliza daraja lililoanguka hupitwaje. Akajibu, "Polepole."

Nikatazama kaseti. Upande wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha na Bama sijaigusa. Nikabonyeza kitufe, nikazima, nisipoteze betri kwa maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Mzee akaongea Bukini karibu saa nzima, mimi natikisa kichwa kwa adabu, kalamu imelala. Alipochoka nikawasha rekoda, nikamwuliza Bama, akanipa sentensi nne: mvua, malaria, chakula kinachodondoshwa na ndege, na daraja refu. Nikashukuru, nikaondoka na sentensi zangu nne kama mtu aliyeokota dhahabu.

Tasnifu ilipita. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ilipita na alama nzuri, na ndani yake imeandikwa kwamba kumbukumbu za mhojiwa "zimechanganyika kwa sababu ya umri".

Miaka sita baadaye nipo Unguja kwenye khitma, bibi mmoja anasimulia ukoo wao, anasema babu yake alikuwa Mbuki. Nikauliza Mbuki ndiyo nani. "Mtu wa Bukini." Nikahisi tumbo linajikunja. Bukini ni wapi, bibi? "Madagaska, mwanangu. Kwani chuo hamsomi?"

Tulikuwa tunasoma, ila tulisoma sura zetu tu. Niliporudi nikasoma ya Madagaska usiku mmoja, na kila ukurasa ukawa unanizaba kofi. Ufaransa ilishindwa Juni 1940, serikali ya Vichy ikafanya suluhu na Mjerumani, na gavana wa Madagaska akabaki upande wa Vichy. Waingereza wakaogopa nyambizi za Wajapani zisije zikapata bandari ya Diego Suarez, wakaishambulia tarehe 5 Mei 1942. Septemba wakashuka Majunga ili waende mji mkuu, na brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikawemo, pamoja na hao hao 1/6 KAR wa Colito. Antananarivo ikachukuliwa tarehe 23 Septemba, lakini Wafaransa wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakilaza miti na mawe barabarani hatua kwa hatua, hadi walipoweka silaha chini mwanzoni mwa Novemba kule Ambalavao. Askari wao wengi walikuwa Wasenegali na Wamalagasi. Na mto Betsiboka, daraja lake Wafaransa waliliangusha kweli. Sehemu ya katikati ikakaa kwenye maji haba, magari yakapita juu yake.

Polepole, bila shaka.

Nilirudi Kivinje wiki iliyofuata. Mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mwanawe akanipa maji, akaniambia baba yao hakuwahi kupata mtu wa kumsikiliza habari za Bukini, isipokuwa kijana mmoja wa chuo aliyekaa naye saa nzima siku moja, mtulivu sana. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia ni mimi.

Kaseti ninayo. Anayetaka kuisikia aje, nitampigia: "Bama mbali. Kwanza Bukini", dakika chache za miti na tairi, "Polepole", kisha tak.

Sasa nimesahau nilikuwa namba ngapi. Tuseme tano.

5. Msitafute askari akatokea nchi kavu moja na kuibuka nchi kavu nyingine kama jini. Katikati kuna bahari, nayo ni medani. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo mapema Februari 1944. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301. Manowari za ulinzi zililazimika kurusha mabomu ya maji kuitafuta nyambizi huku watu wakiwa bado wanaelea. Familia zinasema "babu alifia Bama", na mwanafunzi anahangaika kutafuta kaburi Bama. Mkiambiwa hivyo, na babu alikuwa wa mizinga, ulizeni kwanza kama iliwahi kufika barua yake yoyote kutoka huko.

6. Mkishafika Bama yenyewe, msiigeuze kuwa vita vya mtu mmoja na panga msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kifaru mnyama, ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, tope mpaka magotini, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Lile "daraja refu" la mzee wangu linaelekea kuwa la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa, juu ya mto Chindwin, mita 350 hivi, la aina hiyo refu kuliko yote duniani wakati ule. Nilipata sentensi moja juu yake. Ningeuliza aliendesha nini kulivuka, usiku au mchana, nani alikuwa mbele yake. Sikuuliza, maana dodoso lilisema tuhamie swali la 17.

7. Majina ya mahali yaandikeni kama yalivyotamkwa, mkisahihisha sahihisheni pembeni kwa penseli.

8. Wenye umri wa kutosha kukumbuka wamekwisha karibu wote, kwa hiyo mtaongea na wajane na watoto. Msiulize "alipigana wapi". Ulizeni aliimba nini alipolewa, aliita paka wake jina gani, neno gani la kigeni alilitumia akikasirika. Kuna mama mmoja wa Tabora ambaye baba yake alikuwa akitukana kwa Kiitaliano safi kabisa, na faili lote halikuwa na neno moja kwamba aliwahi kulinda mateka.

9. Betri mbili za akiba. Au siku hizi, hiyo pawabenki yenu, iliyochajiwa.

Aliyenichorea mishale ya Keren, ramani irudi Jumatatu, rangi abakize zile zile. Wa "saa tano asubuhi" anajijua. Na yule anayekwenda Kilwa, kama utapita Kivinje barazani kwa watu wale, usiwaambie nani amekutuma. Peleka sukari na majani ya chai, kaa, na rekoda iachwe iwake.