Muulize Mzee wa Baruti: ukuta wa machimbo na nyufa za mgongoni

*Shikamoo mzee. Ni msimamizi wa machimbo ya mawe huku Kunduchi. Ukuta wetu una kimo cha kama mita 20 na umesimama wima. Kila tukilipua, nyufa mpya zinatokea juu, nyuma ya ukingo. Bosi hataki kuulaza, anasema tutapoteza mawe, na kwamba mlipuaji anabania baruti. Nani mkweli?*
Msimamizi, Kunduchi Mtongani

Marahaba, mwanangu. Kuhusu baruti bosi wako amepotea. Kuhusu mawe ana hoja kidogo, nitaifikia.

Nina swali kwanza: kabla ya kulipua, kifusi cha mlipuko uliopita huwa kimezolewa? Machimbo mengi hulipua juu ya kifusi ili kuokoa siku moja ya kijiko, ule mtambo wa kuzoa mawe. Mwamba ukikosa pa kusogea mbele, gesi ya baruti hugeuka nyuma, ikaingia kwenye nyufa za asili na kuzipanua. Hizo ndizo mnazoziona ukingoni. Ni vivyo hivyo safu ya kwanza ya matundu ya baruti ikichorongwa (ikitobolewa kwa mashine) mbali mno na uso wa ukuta. Ukiongeza baruti hapo unaongeza nyufa.

Halafu mawe ya chokaa yana mapango. Mlipuaji asimimine baruti kwa kuhesabu mifuko; apime kina kila anapomimina. Akiona mfuko umeingia na kimo hakijapanda, asimame hapo hapo. Kuna pango linakunywa, na siku likilipuka mawe yataruka hadi barabarani.

Sasa ukuta wenyewe. Gaweni hizo mita 20 ziwe ngazi mbili za mita 10, katikati muache kibaraza cha kudaka mawe yanayodondoka. Upana wake una kanuni ya siku nyingi: kimo cha ngazi mara 0.2, ongeza mita 4.5. Kwenu inakuja mita 6.5. Kila ngazi ikisimama kwa nyuzi 70, ukipima kutoka mguu wa ngazi ya chini hadi mguu wa ile ya juu unapata kama nyuzi 45. Toka chini kabisa hadi ukingo wa juu ni karibu mita 14 za ulalo. Ndizo zinazomuuma bosi. Lakini mwambie hivi: ukuta ambao bado mnaukata haupotezi kitu, mkato unaofuata utayachukua mawe hayo. Hasara ya kweli iko kwenye ukuta wa mwisho tu, pale mpaka wa leseni ulipo.

Kanuni hiyo inahusu mawe yanayodondoka, haimalizi kila kitu. Tazameni nyufa za asili zimelalia wapi. Zikiinamia upande wa shimo kwa zaidi ya nyuzi 30 hivi na kuchomoza usoni mwa ukuta, pande zima linaweza kuteleza, na kibaraza hakitalizuia. Hapo mwiteni mtaalamu wa miamba aamue mlalo.

Ukuta wa mwisho hulipuliwa kwa adabu. Fundi vioo wa Kariakoo hukwaruza mstari kwanza, ndipo anavunja. Nanyi chorongeni safu ya matundu yaliyokaribiana kwenye mstari wa ukuta. Tundu la milimita 89 huachana na mwenzake kwa kama mita 1. Baruti yake iwe nyembamba, isiguse kuta za tundu, na safu hiyo ilipuliwe kabla ya mlipuko mkuu. Safu inayoifuata kwa mbele nayo ipunguziwe baruti. Na pale kitakapokaa kibaraza, msichoronge kupita usawa wa sakafu yake, mtakivunja ukingo kabla hakijafanya kazi. Kazi hii ni ya mwenye cheti cha ulipuaji, si ya kijana aliyeona wenzake wakifanya.

Kuhusu nyufa za sasa: pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, mpime kila asubuhi na kuandika. Chimbeni mfereji nyuma ya ukingo kabla ya masika, maana maji yakijaa kwenye ufa husukuma ukuta. Umbali ukianza kukua kasi kuliko jana, watu na mitambo watoke, na wagonga kokoto wa chini wawe wa kwanza. Mgodi wa Bingham Canyon, Marekani, uliporomoka Aprili 2013, moja ya poromoko kubwa kabisa za migodini. Hakuna aliyekufa, kwa sababu vipimo viliwaonya na wakaondoa watu mapema. Wao walikuwa na rada. Kwenu vigingi na futi kamba vinatosha kuanzia.

*Mzee, naishi jirani na machimbo. Wakilipua, nyumba inatetemeka. Wanasema wanatumia baruti ileile ya zamani. Nifanyeje?*
Mama mwenye nyumba, Boko

Dada, jumla ya baruti haisemi mengi. Kinachotikisa ni kiasi kinacholipuka kwa pamoja. Matundu yakipishana kwa sehemu ndogo za sekunde, mtikisiko hupungua sana. Waombe waweke kipima mtikisiko kwenye msingi wako siku ya kulipua, uyaone matokeo kwa macho yako. Wewe andika tarehe na saa ya kila mlipuko, upige picha nyufa za nyumba ukiwa umeweka rula pembeni. Wakikataa, peleka daftari hilo ofisi ya madini.