Maswali ya Wasomaji: Katuni ya Mwaka 1968 Bado Inafaa Darasani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Nimepata filamu fupi ya katuni kutoka Kanada, Cosmic Zoom ya mwaka 1968, inayoonyesha mahali petu katika ulimwengu. Je, kitu cha zamani kiasi hicho hakitawapotosha wanafunzi wangu?

JIBU: Mwalimu, waonyeshe bila wasiwasi. Filamu hiyo ya dakika 8 hivi, iliyoongozwa na Eva Szasz, inaanza na mvulana anayepiga makasia katika Mto Ottawa akiwa na mbwa wake, kisha jicho la mtazamaji linapaa hadi nje ya galaksi yetu (kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo), linarudi mtoni, na kuzama ndani ya mbu anayemnyonya mvulana huyo mkononi, hadi kwenye kiini cha atomu. Haina neno hata moja, na hiyo ni neema, kwa kuwa maelezo yote utayatoa wewe kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba ilichorwa kabla vyombo vya anga vya Voyager havijapiga picha za sayari za mbali, lakini mpangilio wake wa msingi haujabadilika.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni ule mwendo laini, unaomfanya mtoto adhani kwamba umbali unaongezeka kwa kujumlisha, ilhali unaongezeka kwa kuzidisha. Filamu inatokana na kitabu cha mwaka 1957 cha mwalimu Mholanzi, Kees Boeke, ambamo kila picha huonyesha upana uliozidi au kupungua mara 10. Irudishe hesabu hiyo ubaoni. Ukianza na mita 1 na kuzidisha kwa 10 mara 8, Dunia nzima inaenea ndani ya picha. Mara 13, inaenea njia ya sayari ya Neptune kulizunguka Jua. Mara 21, unakaribia upana wa galaksi yetu, takriban miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Tena, kabla ya kuiwasha, waambie kwamba nuru inayoondoka kwenye Jua wakati huo itafika Duniani filamu inapokaribia kwisha au mara tu baada ya kwisha. Bila shaka watauliza jicho la mchoraji limewezaje kutoka nje ya galaksi na kurudi katika muda huohuo, nawe utapata nafasi ya kuwaeleza kwa nini hakuna chombo kinachoweza kuipita nuru kwa kasi.