Ndege ikishaiacha pwani: kwa nyinyi mnaoanza dispachi, yaani kupanga na kufuatilia safari za ndege

Wadogo zetu wa Malindi, mmelelewa na safari za Wilson ya Nairobi na Lamu, ambako redio ya VHF inatosha mwanzo hadi mwisho. Mkihamia ndege za masafa marefu, ripoti za mahali ndege ilipo zisipofika, mnaanza kulaumu satelaiti. Satelaiti mara nyingi haina kosa.

1. Jueni VHF inapoishia. Ndege iliyo futi 35,000 inaweza kusikika hadi maili 230 hivi za baharini kutoka ufukweni. Kwa noti 480 (maili 480 za baharini kwa saa), hiyo haifiki nusu saa. Baada ya hapo ni HF, redio ya masafa marefu, na mikwaruzo yake, au ADS-C, mtambo wa ndege unaotuma wenyewe ripoti za mahali ilipo, aghalabu kwa satelaiti. Rubani afanye logoni (kujitambulisha kwa mitambo ya ardhini) dakika 10 hadi 25 kabla ya kuingia FIR, eneo la anga la kituo husika: anwani ni FSSS kwa Seychelles, VABF kwa Mumbai.

2. REG/, jamani, REG/! Logoni hupeleka utambulisho wa safari na usajili wa ndege, na mitambo ya ardhini huvilinganisha na mpango wa safari: kisanduku cha 7 chenye utambulisho wa safari, na REG/ (usajili wa ndege) ya kisanduku cha 18. Herufi moja ikipishana, logoni inakataliwa. Bila logoni hakuna mkataba, yaani agizo la ardhini la lini ndege itume ripoti, na bila mkataba ndege haitumi ripoti hata moja.

Mara nyingi inaanza hivi: ndege inaharibika saa ya mwisho, inatolewa nyingine ya aina ile ile. Mafuta yanahesabiwa upya, karatasi ya uzito inaandikwa upya, hata chakula cha abiria kinahamishwa. REG/ inabaki ya ile iliyolala hanga. Nchi kavu hakuna anayeshtuka, kwani mazungumzo ya VHF hayaulizi REG/. Kasoro inajitokeza juu ya maji: kapteni anajaribu mara mbili, tatu, anaandika kwenye logi ya kiufundi kwamba mtambo ni mbovu, na mafundi wanafungua kitu kizima.

Dawa ni CHG, ujumbe wa kurekebisha mpango wa safari, kabla ya kuondoka. Hapo napo wengi huponya jino wakang'oa jicho: wanatuma REG/ peke yake. Kisanduku cha 18 kwenye CHG hufuta chote cha zamani, kwa hiyo PBN/ (uwezo wa urambazaji) na SUR/ (ufuatiliaji) zinakwenda na maji. Kiandikeni chote upya, pamoja na CODE/, maana anwani ya kielektroniki ya ndege nayo imebadilika. Kisha tazameni kisanduku cha 10, cha vifaa, kwani aina moja si vifaa vimoja. Kama ndege ya akiba haina D1 (ADS-C) wala J5 (ujumbe wa maandishi na mwongozaji kwa satelaiti), msiziandike kwa mazoea.

Sifuri pia: kisanduku cha 7 kikisema 412, kapteni asiingize 0412 kwenye logoni.

3. Mikataba huwekwa na ardhini, si rubani. Ule wa vipindi hutuma ripoti kila baada ya muda uliopangwa, kwa mfano dakika 14 au 10, kutegemea utengano unaotakiwa kati ya ndege. Ule wa matukio una mtego wake: ripoti ya kuacha njia kando au kutoka kwenye kimo hutumwa mara moja tu, kisha mwongozaji wa ndege aweke mkataba mpya. Ya kubadilika weipointi, kituo cha njiani, ndiyo huendelea.

4. Mawingu. Kapteni akikwepa mbali sana, FMS (kompyuta ya safari ya ndege) inaweza isihesabu weipointi kuwa imepitwa. Ripoti ya weipointi haitoki, na ile ya vipindi inataja mbele kituo kilichokwisha kuwa nyuma. Mwongozaji anaona upuuzi, anawapigia nyinyi. Mwambieni kapteni asafishe njia kwenye FMS. Kurudia logoni hakusaidii kitu.