Mwanangu, kuhusu hayo makaratasi

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nilimsomea mama yako mara mbili, halafu nikaamua nijibu kwa kalamu, maana kwenye simu mambo haya hayaenei. Kaka yako atakuletea barua akishuka Dar.

Unauliza ubaki wodini na wagonjwa wako, au uchukue ile nafasi ya utafiti wa presha na kisukari, uwe unazunguka zahanati za vijijini na madodoso. Ukaongeza kwamba unaogopa kuwa "daktari wa makaratasi". Hilo neno ndilo lililoninyima usingizi kuliko swali lenyewe. Kwa hiyo nivumilie, nianzie kwenye karatasi.

Mjomba wako wa Masama unamkumbuka akiwabeba mabegani, wewe huku na kaka yako huku. Hata mimi namkumbuka hivyo, mtu wa kifua kipana ambaye hakuwahi kulazwa hata siku moja. Msimu wa kahawa wa 1992 alipita kunisalimia kwenye zahanati niliyokuwa mganga wake. Sikuwa na mgonjwa, nikamwambia, shemeji, kaa hapo nikupime. Nikamfunga mkanda, nikajaza upepo, zebaki ikapanda, nikaupunguza taratibu, na mapigo yakaanza kusikika kwenye 210. Sikuamini. Nikasubiri, nikapima mkono wa pili: 206 kwa 124. Muda wote huo yeye ananisimulia bei ya kahawa, wala kichwa hakimuumi.

Nikafanya nini? Nikaandika. Nilikata nusu ya karatasi, nikaweka tarehe, vipimo vyote viwili, "Aende hospitali", na sahihi yangu. Nikampa vidonge vya siku 14, ndivyo vilivyokuwepo. Nikamwambia apunguze chumvi. Juu ya magadi, ambayo nayo huongeza presha kama chumvi, sikutamka neno, na unajua jikoni kwao maharage hayaivi bila magadi. Halafu, kwa kuwa niliona uso wake umeanza kubadilika na sikutaka aogope, nikamwambia, "Meza hizi, utakuwa sawa."

Alizimeza zote. Hakuacha hata kimoja, mkewe alinihakikishia. Zilipokwisha hakuumwa popote, akaona amepona. Na mimi, niliyekuwa namwona kanisani karibu kila mwezi, sikumuuliza. Nilidhani alikwenda hospitali. Nilidhani tu, mwanangu.

1994 alianguka kihambani, shamba lile la nyumbani, asubuhi akikata majani ya ng'ombe. Upande wote wa kulia ulikufa, maneno yakapotea, siku ya tatu akafariki. Alikuwa na miaka 51. Ulikuwa darasa la pili, ulijifungia chumba cha bibi ukakataa kula.

Sasa hapa ndipo penye jibu langu. Wakati ule wilaya yetu ya Hai ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Dar es Salaam na Morogoro Vijijini, zilizokuwa kwenye mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, ulioanza 1992. Watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Ukitokea msiba, anakuja mtu wa afya baada ya matanga kuwauliza wafiwa marehemu aliuguaje: alianza lini, alilalamika nini, mdomo ulipinda au haukupinda, aliwahi kuambiwa ana ugonjwa gani. Wengi wetu huku tulikuwa tunafia nyumbani, hakuna daktari wa kuandika sababu. Kilichobaki ni kumbukumbu ya yule aliyemshika mkono.

Kwa mke wa mjomba alikuja kijana mmoja mpole. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aliuliza taratibu, akisubiri mama wa watu afute machozi ndipo aendelee. Alipofika kwenye swali la kama marehemu aliwahi kuambiwa na mtu wa afya kwamba ana presha, mke wa mjomba akanitazama. Hakusema kitu. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, lile wanaloweka stakabadhi za kahawa na kadi za kliniki za watoto. Akatoa karatasi yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, safi kabisa, mikunjo imekwisha kulainika kama kitambaa.

Akamwambia yule kijana, "Alipimwa. Shemeji alimpima akamwandikia. Tuliitunza."

Mwanangu, waliitunza wakidhani ni cheti. Walidhani mtu akishapimwa na kuandikiwa, kazi imekwisha. Nani aliwafundisha hivyo kama si mimi? Kijana akanakili tarehe na namba, akafika kwenye sahihi, akainua macho mara moja tu, akayarudisha kwenye dodoso. Mpaka leo namshukuru kwa kutoniuliza. Na mpaka leo natamani angeniuliza.

Nimekuambia tangu uko kidato cha tano na nitarudia: tiba ya presha iko miguuni. Arudi mgonjwa, na asiporudi, arudi mganga. Malaria unampa mtu dawa anaondoka nayo. Presha huwezi kumpa mtu dawa aondoke nayo yakaisha, ni lazima mwendelee kuonana mpaka mmoja wenu azikwe. Zahanati yetu haikuwa na hata daftari la kuniambia nani aliahidi kurudi na hakurudi.

Kwa hiyo utasema, baba ananiambia nibaki wodini, nirudi kwa wagonjwa wangu. Hata mimi nilifikiri hivyo miaka mingi. Nilimchukia yule kijana na dodoso lake, nikajisemea, hawa wanafika mtu akishakufa, wanachukua habari wanaondoka.

Lakini 2000 yale waliyokusanya yakatoka kwenye Lancet, jarida la madaktari la Uingereza, na ofisa mmoja wa wilaya akanipa nakala. Nilisoma jedwali lile polepole kwa kidole. Kati ya wanaume 100,000 wa miaka 15 hadi 64, kwetu Hai kiharusi kilikuwa kinaua kama 44 kwa mwaka. Dar es Salaam 65. Uingereza na Wales, kama 11. Mimi nilisoma chuoni kwamba presha ni ugonjwa wa Wazungu na wa wakubwa wa mjini! Mjomba wako yumo kwenye ile 44, bila jina. Mwaka huo huo ukatoka utafiti mwingine, waliopima watu Ilala mjini na Shari hapa hapa Hai. Kati ya waliokutwa na presha, hata mmoja kati ya watano hakufika aliyekuwa anajua. Waliokuwa kwenye dawa ni kama mmoja kati ya kumi. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka ipasavyo hawakufika mmoja kati ya mia. Mjomba wako alikuwa katika wale wachache waliojua, na ona kujua kulimfikisha wapi.

Bila makaratasi yale mimi ningebaki na shemeji yangu mmoja na kosa langu moja. Nisingejua kwamba kila zahanati ilikuwa na kopo lake mahali fulani.

Na hiyo sukari ya mama yako? 1989 walichapisha utafiti wa vijiji sita vya nchi hii, watu zaidi ya 6,000, na hakufika mmoja kwa kila mia aliyekuwa na kisukari. 2012, ule upimaji wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama 9 kwa kila mia, na presha watu 26. Najua utanirekebisha kwamba umri haulingani na vipimo si vile vile. Nakubali. Lakini kliniki ya Alhamisi anayokwenda mama yako, 1992 haikuwepo, na sidhani ingeanzishwa kama hakuna mtu aliyezunguka kuhesabu. Wodini ungemngoja aletwe amepooza.

Ila narudi kule kule tena. Hao waliohesabiwa, nani aliwarudia? Kijana yule alifanya kazi aliyotumwa, kazi nzuri, nami nilikuwa na kazi yangu sikuimaliza. Kama utafiti wako ni wa kupima na kuondoka, nitaumia. Kama ni wa kujua kwa nini mtu aliyemeza vidonge 14 bila kuacha hata kimoja hakurudi kuchukua cha kumi na tano, hilo ni swali ninalolala nalo kwa miaka zaidi ya thelathini, na sijamwona anayelijibu. Waulize hao wanaokuita: mtu asiporudi, dodoso lenu linamfuata? Nani anapanda mlima kumfuata? Waulize na habari ya magadi.

Mama yako anasema nizunguke nini, niandike ninachotaka. Sitaandika. Kazi ni yako na miaka ni yako. Hapo juu kuna mstari nilioukata kwa wino; ukiinua karatasi kwenye mwanga utausoma, lakini nakuomba usiusome kabla hujaamua.

Alhamisi nitakwenda na mama yako kliniki na kumpitia mke wa mjomba. Siku hizi naye ana presha. Namfuata mwenyewe tangu aanze dawa, mvua au jua. Mwezi jana ilikuwa 138 kwa 84. Kadi yake ya kliniki anaiweka kwenye lile kopo, juu ya karatasi yangu. Anauliza utakuja lini.

Baba yako